Diski za harusi na darsa zinapokataa kusomeka



Swali la wiki hii limetoka Makunduchi, kusini ya Unguja, na tumelipa ukurasa mzima kwa kuwa tunaamini limo katika nyumba nyingi, ila halijaulizwa. Mama mmoja ametuandikia kwamba ana bweta lenye diski 27. Humo zimo za nikaha za watoto wake wawili, za maulidi, moja ya Mwaka Kogwa wa mwaka ule wajukuu walipokuja kutoka Maskati, na tatu za darsa za Ramadhani alizosomesha baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Kompyuta mpakato ya kijana wake inaisoma vizuri CD ya Kurani aliyoinunua dukani, kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Lakini diski zilizochomwa na mpigapicha wa mtaani inazikataa. Trei inaingia, diski inazunguka, inalia mara mbili tatu, kisha kimya. Na pengine yatokee maneno kwamba hakuna diski iliyotiwa. Fundi mmoja amemwambia kuwa diski zimekufa. Mwengine amemwambia kuwa kompyuta ndiyo mbovu. Anauliza amwamini nani.

Tunamshauri asimwamini yeyote kati yao mpaka afanye jaribio moja jepesi tutakalolieleza hapa chini. Kabla ya hapo asitupe diski hata moja, wala asiiache kompyuta kwa fundi pamoja na bweta lile. La pili lina sababu yake, nayo tutaifikia.

Kwanza tufahamu kwa nini diski moja ikubaliwe na nyengine ikataliwe ilhali kwa macho zinafanana. CD ya kiwandani hugongwa kwa muhuri. Plastiki ya moto hukandamizwa juu ya kalibu, ikabaki na vishimo vidogo mno vilivyopangwa kama uzi mmoja mrefu unaojiviringa kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha juu yake ikapakwa utando wa madini, aghalabu alumini. Vishimo hivyo ni umbo la plastiki yenyewe, wala havifutiki kwa kupita miaka. Diski iliyochomwa haina vishimo hivyo. Ina mfereji mtupu uliopakwa rangi maalumu, na leza ya kompyuta iliyoichoma iliiunguza rangi ile hapa na pale ili pawe na alama za kuiga vishimo. Kwa hiyo harusi ya mtoto wako imeandikwa kwa rangi, na rangi, kama ajuavyo kila mwenye kanga, hupauka.

Tofauti hii inaonekana kwa jicho. Igeuze diski uitazame upande usio na maandishi. Ikiwa ni nyeupe ya fedha tupu, imegongwa kiwandani. Ikiwa ina weko la kijani, buluu, zambarau au dhahabu hafifu, imechomwa. Tuseme pia kwamba si kila diski inayouzwa dukani imetoka kiwandani. Nyingi zilizouzwa kwa jalada zuri lenye picha ya msikiti zilichomwa katika chumba cha nyuma, na weko lile ndilo litakalokwambia ukweli.

Sasa tutazame upande wa kompyuta. Ndani ya draivu mna jicho dogo la kioo, yaani lenzi, na chini yake leza. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, ambao jicho la mwanadamu halioni, na DVD kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Hizo ni leza mbili zilizowekwa pamoja, na moja inaweza kuchoka nyengine ikiwa bado nzima. Ndiyo maana baadhi ya kompyuta husoma DVD zote na kukataa CD zote, au kinyume chake, na mwenye nayo akadhani ina inda. Leza hutupa mwanga juu ya diski, mwanga hurudi, na draivu hupima kinachorudi. CD ya kiwandani hutakiwa irudishe angalau asilimia 70 ya mwanga huo. CD-RW, ile inayoweza kufutwa na kuandikwa tena, hurudisha kati ya asilimia 15 na 25 tu. CD-R ya kawaida huanza karibu na ile ya kiwandani ingali mpya, lakini hushuka kadiri rangi inavyozeeka, na tofauti baina ya palipoungua na pasipoungua ikazidi kufifia.

Basi chukua lenzi iliyoingiwa na vumbi na leza iliyofanya kazi miaka kumi. Diski ya kiwandani itasomeka, kwa sababu ina ziada ya kutosha. Diski iliyochomwa haina ziada. Upungufu mdogo wa kompyuta na upungufu mdogo wa diski, kila mmoja peke yake ukivumilika, hukutana na kuwa ukuta. Kwa ajili hiyo mafundi wale wawili wa Makunduchi wanaweza wote kuwa wamesema nusu ya kweli.

Jaribio lenyewe ndilo hili. Tafuta CD tupu mpya na mtu mwenye kompyuta inayochoma. Achome chochote juu yake, hata picha tatu, kisha uitie katika kompyuta yako. Ikiwa diski hii mpya inasomeka na zile za zamani hazisomeki, draivu yako ina nguvu za kutosha na tatizo kubwa liko katika rangi ya diski zako. Ikiwa hata hii mpya inakataliwa, tatizo liko katika draivu, na diski zako huenda ni nzima kabisa. Fanya vivyo hivyo kwa DVD ukiwa nazo, kwa kuwa leza yake ni nyengine. Gharama ni diski tupu moja au mbili, na jibu lake ni la uhakika kuliko dhana ya fundi aliyeitazama kompyuta kwa dakika tano.

Draivu ikionekana ndiyo yenye kasoro, kuna mambo ya kufanya nyumbani kabla ya kununua. Katika kompyuta mpakato nyingi lenzi imekaa juu ya trei yenyewe, hivyo ukiivuta trei nje unaiona, tofauti na zile kompyuta kubwa za mezani ambazo lenzi yake imefichwa ndani. Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, na kama betri inatoka itoe. Trei ikikataa kutoka, tafuta katika uso wake kitundu kidogo mno, ingiza humo pini iliyonyooshwa na usukume taratibu; itatoka. Lenzi ni ile shanga ya kioo yenye rangi ya buluu kidogo. Imening'inia juu ya nyuzi nyembamba, kwa hiyo usiibonyeze. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni kikiwa kikavu na uizungushie kwa wepesi, kama unayemfuta mtoto mchanga jicho. Isipotosha, lowesha kijiti kwa spiriti ya isopropili iliyo safi, tone moja tu, kisha uiache ikauke. Marashi hayafai, japo yana spiriti, kwa sababu huacha mafuta. Mate hayafai. Mafuta ya nazi tusiyataje, ila tuliwahi kusikia mtu akiyasifu.

Ukitia diski, ibonyeze katikati mpaka usikie imeshika kwenye kitovu. Hili ni dogo na ndilo linalosahauliwa na waliozoea draivu za mezani, ambazo diski huwekwa tu bila kubonyezwa. Diski isiyoshika hupepea inapozunguka, na draivu huitema. Vilevile diski iliyobandikwa karatasi ya jina la bwana na bibi harusi upande mmoja huyumba, na gundi ikianza kubanduka katika joto hali huwa mbaya zaidi. Usijaribu kuibandua karatasi hiyo kutoka kwenye CD, kwani utando wenye maandishi uko papo hapo chini yake na utang'oka nayo.

Kuhusu diski yenyewe, watu wengi huhofia mikwaruzo ya upande wa chini, na upande wa juu wakauandika kwa kalamu ya wino yenye ncha. Kwa CD ni kinyume. Chini kuna plastiki yenye unene unaokaribia milimita 1.2, na mkwaruzo mwepesi hapo leza huupita kama mtu anavyoona kupitia kioo chenye vumbi. Juu kuna utando wa vanishi tu, kisha madini na rangi. Iinue CD mbele ya taa. Ukiona vitone vya mwanga kama nyota, hapo maandishi yamekwisha, na hakuna wa kuyarudisha. DVD ina nafuu kidogo kwa sababu ni sahani mbili nyembamba zilizogundishwa na maandishi yamo katikati.

Diski chafu ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na tone la sabuni ya vyombo, ikaushwe kwa kitambaa laini cha pamba, na ifutwe kwa kunyoosha mkono kutoka katikati kwenda ukingoni. Isifutwe kwa mduara. Draivu ina hesabu ya kujaza herufi zilizopotea, na hesabu hiyo huweza kuruka mkwaruzo unaokatiza uzi wa maandishi. Mkwaruzo unaoufuata uzi ule kwa urefu wake hufuta mengi mfululizo, na hapo hesabu hushindwa. Dawa ya meno imekuwa maarufu kwa kusugulia. Sisi tunaiona ni ya mwisho kabisa, kwa diski ambayo umeshaikatia tamaa, na iwe upande wa chini tu.

Lipo kundi jengine la diski ambalo si bovu hata kidogo. Kusomeka ni jambo moja na kuchezeka ni jengine. Ukifungua diski katika kompyuta ukaona folda zake, basi imesomeka, hata kama picha haitokei. Mipango ya Windows kuanzia Windows 8 haikuja na uwezo wa kucheza DVD za video, na wengi waliobadilisha kompyuta walidhani diski zao zimeharibika wiki ile ile. Kanda nyingi za harusi za miaka ya mwanzo ya 2000 hazikuwa hata DVD. Zilikuwa VCD, aina iliyotoka mwaka 1993, ambayo ndani yake kuna folda iitwayo MPEGAV na faili lenye jina kama AVSEQ01.DAT. Kompyuta haijui la kulifanyia faili hilo, lakini programu ya VLC, ambayo hupatikana bure, hulicheza bila ya taabu. Hulicheza DVD pia. Mama yetu wa Makunduchi aanze kwa kuzitazama diski zake zote 27 kwa njia hii, na hatutashangaa baadhi yake zikiamka siku ile ile.

Kundi la tatu ni la diski ambazo hazikufungwa. Mtu anapochoma diski, mwishoni kompyuta au kamera huandika orodha ya yaliyomo na kuifunga. Asipofanya hivyo, diski huchezeka katika mashine iliyoichoma tu, na kwengineko huonekana kama tupu. Zile kamera za video za zamani zilizotumia vidiski vidogo vya sentimita 8 ziliacha nyingi za namna hii, kwani mwenye kamera alitakiwa akumbuke kuifunga kila diski kwa mkono. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, matokeo ni hayo hayo. Wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa waya wa chini ya bahari na shughuli zikafanywa kwa jenereta. Diski yenye tarehe inayoangukia humo ichunguzwe kwa hili mwanzo. (Tarehe hiyo pia ni msaada kwa wale waliosahau kuandika mwaka: kama katika picha taa zinapepesa na jenereta linasikika nyuma ya Fatiha, mwaka unaujua.)

Hapa pana hatari ambayo lazima tuitaje kwa uwazi. Windows ikiiona diski isiyofungwa, au iliyofifia, huenda ikaichukulia kuwa ni tupu na kuuliza ungependa kuitumia vipi, kisha ikataka kuiandaa upya. Kijana mwenye haraka hubofya ndiyo. Kataa, kila mara. Na kama una kamera ile ile iliyoipiga diski, usikimbilie kuifunga kabla ya kujaribu kutoa yaliyomo; programu iitwayo IsoBuster huweza kusoma diski ambazo hazikufungwa bila ya kuandika chochote juu yake.

Tuseme sasa kwamba jaribio limeonesha kuwa draivu ni nzima na rangi ndiyo iliyofifia. Bado hatujafika mwisho. Draivu hutofautiana sana katika uwezo wa kusoma diski dhaifu, na iliyo bora kwa kazi hii mara nyingi si mpya. Draivu nene ya kompyuta ya mezani, iliyosahauliwa katika afisi ya skuli au nyumbani kwa jamaa, huweza kuisoma diski ambayo kompyuta mpakato tatu zimeikataa. Bora kuliko zote, ikiwa bado ipo, ni ile iliyoichoma. Ukinunua draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB, angalia waya wake. Zile zenye vichwa viwili vya kuchomeka zina sababu: kitundu kimoja cha USB ya zamani hutoa miliampia 500 tu, na diski inapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Chomeka vichwa vyote viwili, na kompyuta iwe katika umeme, si katika betri iliyobaki robo.

Inaposomeka, usikae kuitazama. Inakili. Diski iliyo ukingoni inaweza kukubali mara moja jioni, wakati draivu haijapata joto, na isikubali tena. Kunakili kwa kuburuta mafaili kama ilivyo kawaida hukwama penye doa la kwanza, na saa nzima ya darsa ikaachwa kwa ajili ya sekunde mbili mbovu. Kuna programu ya bure ya Linux iitwayo ddrescue ambayo kazi yake ni hii hasa. Huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa wepesi, huweka daftari la zisizosomeka, kisha hurudi kwa hizo kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba daftari lile hubaki. Ukiipeleka diski katika draivu nyengine kesho, itajaribu mapengo tu, na draivu moja ikajaza pale nyengine iliposhindwa. Kijana yeyote anayesoma kompyuta huko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu, au kwengineko ataifahamu akielekezwa, na tunadhani hii ni kazi ya likizo inayomfaa mjukuu kuliko nyingi anazozifanya katika simu.

Tumeahidi kueleza kwa nini bweta lisiachwe kwa fundi. Harusi zetu zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na diski ya upande wa wanawake imepigwa kwa ridhaa ya wanawake walioamini kwamba itabaki kwao. Mabinti walioonekana humo bila ya mitandio wakiwa na miaka kumi na saba leo ni wake za watu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Hawakuulizwa kama fundi wa Mjini, na kijana wake anayejifunza kazi, na simu yake, waione. Diski ile ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa moja na ilikuwa kabatini. Faili husafiri kwa kidole kimoja. Hatusemi kwamba mafundi wana tabia mbaya, na tunawajua wengi wanaoheshimu kazi yao. Tunasema kwamba amana haipewi mtu ambaye hakuombwa kuibeba. Kompyuta ikihitaji fundi, apewe kompyuta pamoja na ile diski ya majaribio yenye picha tatu, na hiyo inamtosha kupima draivu. Kunakili diski za wanawake kufanywe na binti wa nyumbani, na faili liwekwe mahali pa peke yake, lisiingizwe katika simu wala katika kundi la familia la WhatsApp, ambalo kila mmoja wetu anajua lina watu ambao hatukumbuki walivyoingia.

Darsa za marehemu ni kinyume chake. Hizo zilisomeshwa ili zisikilizwe, na kadiri zinavyoenea ndivyo anavyonufaika, kwani elimu yenye manufaa ni katika yale yasiyokatika kwa kufa kwa mwenyewe. Kwa hiyo tungeshauri mama yetu aanze na zile tatu kabla ya harusi, na atenge sauti peke yake ili iwe nyepesi kutumwa. Darsa za wazee wa Makunduchi zina jambo jengine la thamani: aghalabu husomeshwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikae, lahaja ya huko, na maneno ambayo vijana wa leo huyasikia kwa bibi tu. Pamoja na kila faili iandikwe karatasi: nani anasema, msikiti gani, kitabu gani kinasomwa, mwezi na mwaka wa Hijria na wa Miladia, na sauti ya nani ile inayouliza swali kutoka safu ya nyuma. Yule anayezijua sauti hizo huenda yu hai leo.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini kizazi chetu kiwe na taabu hii wakati kumbukumbu za zamani zipo. Bila ya kuingia katika hukumu ya muziki, tutaje kwamba Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake inasikika hadi leo. Sauti ile ilichimbwa katika mfereji wa santuri, na santuri ziligongwa nyingi na kutawanyika nchi nyingi. Diski ya mpigapicha wa mtaani iliandikwa kwa rangi, katika nakala moja, mbili zikizidi, zote katika kijiji kimoja, kabati lake likiwa hatua chache kutoka baharini. Joto, mwanga na unyevu ndivyo vinavyoila rangi hiyo, na sisi watu wa pwani vyote vitatu tunavyo mwaka mzima. Diski iliyosimamishwa wima ndani ya kasha lake, kabatini, mbali na dirisha, hukaa. Iliyolazwa juu ya televisheni katika mfuko wa plastiki haikai.

Nakala ziwe zaidi ya moja na zisikae pamoja. Flashi ya GB 64 hubeba DVD 13 zilizojaa, maana DVD ya kawaida ni GB 4.7, na CD ni MB 700 tu. Diski 27 za mama yetu zitaingia katika diski ngumu ndogo ya nje na nafasi kubwa ibaki. Lakini flashi nayo hupotea na kuharibika, na hatupendi iachwe peke yake kama zilivyoachwa diski. Moja ikae Makunduchi, moja Mjini, na ile ya darsa ipelekwe Maskati kwa wajukuu. Kila mwaka, tuseme mwezi wa Shaaban watu wanaposafisha nyumba, ifunguliwe na kusikilizwa kidogo.

Zitabaki chache ambazo hazitasomeka kwa draivu yoyote. Hizo ziwekwe angalau mpaka draivu ya tatu au ya nne ijaribiwe. Zikitupwa, zisitupwe nzima jaani, kwa sababu ya yale tuliyoyasema kuhusu upande wa wanawake. Diski iliyoshindikana kwako huenda ikasomeka kwa mwengine. Zisichomwe moto uani pia, moshi wake ni mbaya kwa kifua. Itie diski ndani ya kitambaa kinene, ili vipande visiruke machoni, uikate kwa mkasi wa nguvu mara mbili kupita katikati.

Mama yetu atuandikie tena akishafanya jaribio la diski mpya, atwambie zile zilizokataa zina weko la rangi gani, na kama trei ya kompyuta yake inatoka nje au ni ile ya kumeza diski kwa mwanya. Ikiwa ni ya mwanya, asitie humo vile vidiski vidogo vya kamera, vitakwama.